Kurekodi skrini ya simu ya Android: sauti, ukubwa wa faili na namba ya siri

Kubonyeza kitufe cha kurekodi ni kazi ya sekunde mbili. Watu hukwama kwenye yanayotangulia na yanayofuata: video imetoka bubu, sehemu ya benki imetoka nyeusi tii, faili limemaliza bando la wiki kabla halijafika, au, baya kuliko yote, mtu amewarushia wateja maelekezo ya kulipia umeme wa LUKU huku namba yake ya siri inasomeka. Tuanze na kitufe, tukimalize haraka, halafu tukae kwenye hayo mengine.

Kitufe kilipo

Fungua Mipangilio, shuka mpaka "Kuhusu simu", usome toleo la Android. Android 11, iliyotoka mwaka 2020, ndiyo iliyoleta kirekodi cha skrini ndani ya mfumo wenyewe. Kampuni kadhaa, Xiaomi na Samsung zikiwemo, zilishatia cha kwao kabla ya hapo kwenye baadhi ya simu. Kwa hiyo simu nyingi unazozikuta madukani Mtaa wa Aggrey, Dar es Salaam, leo, Tecno, Infinix, Samsung au Redmi, zinacho tayari, na huna sababu ya kupakua chochote. Zinazoweza kukosa ni simu ndogo za Android Go, zile za RAM ya GB 1 au 2, ambazo watengenezaji huzipunguzia mizigo. Hizo tutazirudia chini.

Telezesha kidole kutoka juu ya skrini mara mbili ili pazia lote la arifa lishuke. Tafuta kigae, yaani kitufe cha njia ya mkato, chenye alama ya kamera ndogo ya video, au duara lenye nukta katikati. Simu ikiwa kwa Kiswahili kimeandikwa maneno kama "Rekodi skrini". Ikiwa kwa Kiingereza utakuta "Screen record" au "Screen recorder". Hukioni? Peruzi ukurasa wa pili wa vigae. Bado? Gusa alama ya penseli, ukishike kigae hicho kule chini kilikojificha, ukikokote mpaka juu. Kwenye Redmi pia kipo kama programu ya kujitegemea, mara nyingi ndani ya folda la zana.

Kwenye simu nyingi, ukikibonyeza kigae na kukishikilia, inafunguka mipangilio yake: ubora wa picha, chanzo cha sauti, na kama miguso ya kidole ionekane. Pitia hapo kabla ya rekodi ya kwanza. Baada ya hapo simu itakumbuka ulichochagua.

Mwendo wenyewe ni huu:

1. Fungua programu unayotaka kuionyesha, iache kwenye ukurasa wa kuanzia. Hakuna anayetaka kukutazama ukitafuta ikoni.
2. Shusha pazia, gusa kigae cha kurekodi.
3. Chagua sauti. Kwenye baadhi ya simu za Android 14 kwenda juu utaulizwa pia kama unarekodi skrini nzima au programu moja. Chagua programu moja kila unapoweza, kwa kuwa arifa za programu nyingine hazitaingia kwenye video.
4. Kubali. Simu huhesabu tatu, mbili, moja. Subiri sekunde mbili zaidi ndipo uguse kitu, upate pa kukatia.
5. Kumaliza, shusha pazia na uguse kitufe cha kusimamisha, au gusa kile kidude kinachoelea kama simu yako inacho. Sekunde za mwisho zitaonyesha pazia likishuka; utazikata baadaye kwenye Gallery au Google Photos.

Faili huenda kwenye folda lake: Samsung huliweka "Screen recordings", Redmi "ScreenRecorder", zote ndani ya DCIM, Pixel hutumia "Movies". Usipoliona, fungua Files, ingia kwenye video, panga kwa tarehe. La juu kabisa ndilo lako.

Sauti

Hapa ndipo video nyingi huharibikia. Vyanzo ni viwili, na havifanani hata kidogo. Sauti ya ndani ni ile simu inayoicheza yenyewe: muziki, mchezo, video. Maikrofoni ni sauti yako, pamoja na feni, honi ya daladala na jenereta la jirani. Kirekodi kitakupa kimoja, kingine, vyote viwili, au ukimya.

Ukiwa unaeleza kwa mdomo jinsi ya kufanya jambo, chagua maikrofoni peke yake, na zima mlio wa kibodi. Ukirekodi mchezo bila kutangaza, chagua sauti ya ndani. Ukitaka vyote viwili, vaa hedifoni, tena za waya. Bila hedifoni, sauti hutoka kwenye spika, ikazunguka hewani na kuingia upya kwenye maikrofoni, halafu video nzima inakuwa na mwangwi ambao hakuna programu ya kuhariri itakayouondoa vizuri. Hedifoni za bluetooth huondoa mwangwi, lakini unachosikia huchelewa kidogo kuliko unachokiona, na hilo hukuvuruga unapotaka maneno yaende sambamba na kidole.

Maikrofoni ya simu ipo chini, tundu dogo karibu na sehemu ya kuchajia. Ukiilaza simu kwa upana, kiganja cha mkono mmoja huliziba tundu hilo pasipo wewe kujua, na sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya ndoo. Ilaze simu mezani, au ishike kwa vidole, ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni.

Dar si mji wa ukimya. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa hunyonya mwangwi kuliko sebule yenye vigae. Feni izimwe kwa dakika hizo tano, jasho halionekani kwenye rekodi ya skrini. Ila kama unatengeneza video za kufundishia mara kwa mara, njia bora ni kutoongea kabisa wakati wa kurekodi. Rekodi skrini bila sauti, kisha iangalie ukiwa umetulia, rekodi maelezo yako kwa programu ya kurekodi sauti ya simu hiyohiyo, uviunganishe kwenye programu ya kuhariri video kama CapCut au InShot. Ukikosea neno unarudia sentensi moja, si muamala mzima.

Swali linalowasumbua wengi: kwa nini rekodi ya simu ya WhatsApp haina sauti? Si ubovu wa simu. Tangu Android 10, mwaka 2019, mfumo unaruhusu kirekodi kunasa sauti ya muziki, video na michezo, lakini sauti ya mazungumzo imeachwa nje kwa makusudi. Na maikrofoni nayo, mazungumzo yakiendelea, hupewa programu inayopiga simu. Kirekodi kinaambulia ukimya. Mwenye programu anaweza pia kukataa sauti yake isinaswe, ndiyo maana unaweza kukuta programu moja ya muziki inarekodika na nyingine haitoi hata mlio. Kwa mkutano wa Zoom au Google Meet usihangaike na skrini: mwenyeji wa mkutano atumie kitufe cha kurekodi cha huduma yenyewe, na awaambie waliomo.

Faili litakuwa kubwa kiasi gani

Wengi hutazama 720p au 1080p tu. Hizo ni vipimo vya picha. Uzito wa faili unaamuliwa na kiasi cha data kinachoandikwa kila sekunde, ambacho hupimwa kwa megabiti. Gawanya kwa 8 upate megabaiti. Kirekodi kikiandika megabiti 8 kwa sekunde, ni MB 1 kila sekunde, MB 60 kwa dakika, MB 600 kwa dakika kumi. Megabiti 4 ni nusu ya hapo, megabiti 16 ni mara mbili. Hizo ni hesabu za juu: ukurasa wa maandishi uliotulia hula pungufu sana, mchezo unaokimbia hukaribia kiwango chote.

Kwa video ya maelekezo, 720p, fremu (picha) 30 kwa sekunde na megabiti 4 zinatosha, na mpokeaji mwenye skrini ndogo hataona tofauti. Panda mpaka 1080p pale tu maandishi yanapokuwa madogo, mathalani jedwali la hesabu za duka. Fremu 60 waachie wachezaji. Samsung haikuonyeshi megabiti, inakupa 480p, 720p na 1080p tu, kwa hiyo pima mwenyewe: rekodi dakika moja ya kitu kilekile utakachokionyesha, fungua maelezo ya faili, zidisha kwa dakika unazotaka.

Acha nafasi mara mbili ya hesabu uliyopata, kwa sababu ukihariri unatengeneza faili la pili. Ukihifadhi kwenye memori kadi ya GB 32 au chini, kumbuka kadi hizo kwa kawaida zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambako faili moja haliwezi kuzidi GB 4. Kwa megabiti 16 hiyo ni kama dakika 34. Simu nyingine hugawa faili yenyewe, nyingine husimama kimya nawe ukaendelea kutangaza mpira hewani. Rekodi kwenye hifadhi ya ndani, uhamishie kwenye kadi baadaye.

Kuna na joto. Kurekodi kunaifanyisha prosesa kazi mbili kwa pamoja, na kuanzia Desemba mpaka Machi hapa Dar chumba chenyewe kinachemka. Simu ikizidi joto hujipunguzia kasi, fremu zinaruka, video inakatakata. Toa kava, iweke juu ya sakafu au meza, si kitandani, na usiichaji wakati inarekodi. Anza na chaji isiyopungua nusu.

Chaji yenyewe ina sababu nyingine. Faili la MP4 kwa kawaida huandika faharasa yake, orodha inayoonyesha kila kipande kilipo, mwishoni, pale unapobonyeza kusimamisha. Simu ikizima katikati, data ipo lakini faharasa haipo, na video inakataa kufunguka ingawa faili lina mamia ya MB. Usilifute. Lihamishie kwenye kompyuta, ulijaribu kwa programu iitwayo Untrunc, ambayo hutumia video nyingine nzima iliyorekodiwa na simu hiyohiyo kwa mipangilio ileile ili kuijenga upya faharasa iliyokosekana. Haifaulu kila mara, ila gharama yake ni muda tu.

Namba ya siri, salio na majina ya watu

Chukua mfano wa wakala wa Sinza anayetaka kuwarushia wateja wake video ya kulipia LUKU. Anawasha kurekodi, anapiga *150*00# ya M-Pesa, anafuata menyu, anaingiza tarakimu 11 za mita, kiasi, halafu anaombwa namba ya siri. Hapo ndipo penye shimo. Programu nyingi za benki huficha namba kwa vidoti. Kisanduku cha USSD, yaani menyu hizo za kupiga nyota na reli, kwenye simu nyingi, kinaionyesha jinsi ulivyoiandika. Video ya dakika mbili, na ndani yake sekunde tatu zenye tarakimu nne ambazo yeyote anaweza kusimamisha na kusoma.

Hata pale zinapofichwa kwa vidoti, usitulie. Ukiwa umewasha chaguo la kuonyesha miguso, kila unapogusa hutokea kiduara kwenye video. Kwa mtazamaji hilo ni msaada mkubwa, na ndiyo maana tunalipendekeza kwa maelekezo. Lakini kwenye kibodi ya namba, viduara vinne ni namba ya siri kamili, hata kama kisanduku kimejaa nyota. Simu nyingi pia huonyesha kwa kitambo herufi ya mwisho ya nenosiri kabla haijageuka nukta. Chaguo la kuzima hilo lipo kwenye Mipangilio, upande wa faragha, linahusu kuonyesha manenosiri.

Njia salama ni kuikwepa hatua hiyo kabisa. Fika kwenye ombi la namba ya siri, liache lionekane, sema "hapa unaweka namba yako ya siri", gusa ghairi, simamisha kurekodi. Kama lazima uonyeshe muamala ukikamilika, tumia kitufe cha kusitisha kwa muda. Samsung wanacho, na programu nyingi za kupakua pia. Simu isiyo nacho, rekodi vipande viwili uviunganishe. Kabla hujaweka namba, thibitisha kwamba kirekodi kimesimama kweli: saa yake haitembei.

Kisha inakuja meseji ya uthibitisho. Ndani yake kuna jina la uliyemtumia, namba ya muamala na salio lako jipya. Tokeni ya LUKU ya tarakimu 20 haina hatari, kwani haiingii mita nyingine. Salio na jina ndivyo vya kuficha. Washa "Usinisumbue" kabla ya kuanza, na uhakikishe imewekwa izuie arifa zisitokee juu ya skrini, si mlio peke yake. Android 15 imeongeza kinga: inajaribu kuficha namba za uthibitisho za mara moja zinapokuja kama arifa wakati skrini inanaswa. Kinga hiyo haikufuati ukiifungua meseji mwenyewe.

Mengine ya kuondoa njiani: kibodi inayopendekeza majina ya watu wako na barua pepe yako juu ya herufi, picha uliyoiweka kwenye skrini ya mwanzo, orodha ya programu za hivi karibuni unapobadilisha ukurasa, na kisanduku cha kutafutia kinachofunua ulichotafuta jana. Mtu anayefundisha mara kwa mara ni bora awe na simu ya pili yenye laini isiyo na hela ya maana.

Kikibaki kitu cha kuficha wakati wa kuhariri, funika kwa kisanduku cheusi kizima. Ukungu hauaminiki kwa tarakimu; ukiwa hafifu mtu anazikisia. Halafu tazama video nzima kwa mwendo wa kawaida, kisha vuta taratibu kwa kidole pale arifa zilipotokea. Arifa ya nusu sekunde inatosha kuonyesha jina la dada wa watu.

Na kuhusu watu: ukirekodi kundi la WhatsApp la kikoba na kulitupa mtandaoni, umetawanya namba, picha na michango ya wanachama wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahusu mambo kama haya. Omba ruhusa au funika.

Upande wa pili wa shilingi ni matapeli. Waliozoea kutuma "ile hela tuma kwenye namba hii" wana binamu zao wanaopiga wakijiita huduma kwa wateja, wakikutaka upakue programu ya kuwashirikisha skrini ili "wakusaidie". Lile dirisha la kukubali linalosema programu itaona kila kinachoonekana kwenye skrini, yakiwemo manenosiri na malipo, limesema kweli tupu. Kama hukuanza kurekodi wewe na unaona alama ya kurekodi au kurusha skrini juu, shusha pazia uisimamishe, kisha uondoe programu husika.

Skrini nyeusi

Umerekodi, sauti ipo, picha ni giza. Programu yenyewe imekataa. Android inampa mtengenezaji uwezo wa kuitia alama dirisha lake kwamba lisipigwe picha wala kurekodiwa, na benki nyingi, huduma za filamu kama Netflix na kurasa za faragha za Chrome huutumia. Kubadilisha kirekodi hakusaidii, kwa kuwa katazo liko chini kuliko kirekodi chochote. Video za mtandaoni zinazokuahidi programu ya kulivuka hukuletea faili za kupakua nje ya Play Store, na simu yenye programu ya benki si mahali pa kujaribia hizo. Kwa mafunzo ya programu ya benki, ipige video skrini hiyo kwa simu nyingine iliyosimamishwa kwenye kitu thabiti, mwanga wa taa usipige kwenye kioo, ukikumbuka yote ya namba ya siri.

Hitilafu nyingine kwa ufupi

Video imelala upande: baadhi ya virekodi hushika mkao wa skrini ule wa mwanzo. Ukitaka rekodi pana, fungua mchezo kwanza, skrini ilale kwa upana, ndipo uanze kurekodi.

Kurekodi kunasimama kwenyewe: nafasi imeisha, umepokea simu, au umezima skrini. Kwenye Android mpya kufunga skrini hukatisha kurekodi. Ukitumia programu ya kupakua, kiokoa betri huiua. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo uiruhusu bila kizuizi. Tecno, Infinix na Xiaomi ni wakali zaidi kwenye hili.

Sauti inaachana na picha kadiri video inavyosonga: virekodi vya simu haviandiki fremu kwa mwendo ulio sawa, na programu za kuhariri za kompyuta hudhani mwendo ni mmoja. Ipitishe video kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadilisha video, chagua mwendo wa fremu usiobadilika, 30, halafu uhariri hiyo mpya.

Kutuma bila kumaliza bando

WhatsApp huibana video, na maandishi madogo ndiyo ya kwanza kuharibika. Video ya maelekezo itume kama dokumenti, si kama video; itafika ilivyo, na kikomo cha dokumenti ni GB 2. Mpokeaji naye atalipia kila MB, kwa hiyo kata mwanzo na mwisho, punguza mpaka 720p. Aliye karibu nawe mtumie kwa Quick Share, haitumii bando. Wateja wengi? Pandisha YouTube mara moja kama video isiyoorodheshwa, sambaza kiungo, kila mmoja ataangalia kwa ubora anaoumudu.

Rekodi ya ushahidi ni habari nyingine. Umeuziwa kiatu Instagram, hela imekwenda, muuzaji kakufungia? Rekodi ungali unaona: anza kwenye ukurasa wake jina likionekana, ingia kwenye mazungumzo, panda mpaka ujumbe wa kwanza, shuka polepole ukisimama kwenye tarehe na namba ya malipo, malizia na meseji ya muamala. Hapa salio na namba ya muamala hazifichwi. Usikate, usitie maandishi, wala usiitume kwa njia inayoibana. Hifadhi faili la asili na ufanye nakala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inapokea ushahidi wa kielektroniki, na uzito wake hutegemea jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa.

Simu za zamani, na kompyuta

Android 5 hadi 10 isiyo na kirekodi inahitaji programu ya kupakua. AZ Screen Recorder na XRecorder zipo Play Store na zinafanya kazi, vumilia matangazo. Kwenye Android 9 kushuka, usitegemee sauti ya ndani, ni maikrofoni tu. Kwenye Android Go ya toleo la 10 na kuendelea, kitufe cha kuelea hakitatokea, maana mfumo hauruhusu programu kuelea juu ya nyingine. Endesha kurekodi kupitia arifa kwenye pazia. Chini ya Android 5, iache simu ipumzike.

Simu iliyojaa, au isiyo na nguvu ya kuhifadhi, inaweza kurekodiwa na kompyuta. Fungua Mipangilio, "Kuhusu simu", gusa mara saba mstari wa namba ya muundo, unaoitwa "Build number" kwa simu ya Kiingereza. Chaguo za wasanidi zitatokea. Ndani yake washa utatuzi kupitia USB. Chomeka waya wa data, si ule wa kuchajia tu wa buku mbili ambao ndani hauna nyaya za data, na ukubali ombi linalotokea kwenye simu. Kisha kwenye kompyuta yenye scrcpy, programu ya bure, andika:

scrcpy --record=somo.mp4

Skrini ya simu itaonekana kwenye kompyuta, na video itaandikwa huko huko. Kuanzia scrcpy 2.0 sauti nayo inakuja, kwa simu za Android 11 kwenda juu. Mwenye adb pekee, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, ana amri hii:

adb shell screenrecord --size 720x1280 --bit-rate 4000000 /sdcard/somo.mp4

Unaisimamisha kwa Ctrl+C, na unaivuta kwa adb pull /sdcard/somo.mp4. Haina sauti, na kwa kawaida hukoma yenyewe ikifika dakika tatu, kwa hiyo panga somo lako kwa vipande. Ukimaliza, zima utatuzi wa USB kabla ya kuchaji kwenye kompyuta usiyoijua, na kama uliwasha miguso kutoka kwenye chaguo hizohizo za wasanidi, izime hapohapo, haijizimi.